Barua Iliyoandikwa kwa Mtu Mmoja

Asubuhi ya tarehe 13 Julai 1959, Waziri wa Ulinzi wa China, Peng Dehuai, alikwenda kumwona Mao Zedong akaambiwa Mwenyekiti ndiyo kwanza amelala. Mao alikuwa na desturi ya kufanya kazi usiku kucha na kulala kulipokucha. Walikuwa Lushan, mlimani katika jimbo la Jiangxi, kwenye nyumba za mapumziko ambako viongozi wa juu wa Chama cha Kikomunisti walikusanyika kutathmini mwaka wa kwanza wa sera iliyoitwa Hatua Kubwa Mbele, ya kukuza viwanda na kilimo kwa kasi kubwa. Peng akarudi alikofikia. Alilokuwa amekusudia kulisema kwa mdomo akaliandika, na siku ya pili barua ikamfikia Mao.

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi, kwa tafsiri, na kinachonigusa kila mara ni adabu yake. Inaanza kwa kusifu mafanikio ya mwaka 1958. Mwandishi anajieleza kuwa mtu wa kawaida tu, anajifananisha na Zhang Fei, yule shujaa wa masimulizi ya kale ya Kichina anayejulikana kwa ushupavu na papara, na anasema amerithi ukali wake bila umakini wake. Mwishoni anaomba aelekezwe pale alipokosea. Hii ni barua ya askari mzee kwa mtu aliyepigana bega kwa bega naye tangu milima ya Jinggangshan mwaka 1928.

Katikati ya heshima hizo ndimo lilimo jambo lenyewe. Mwishoni mwa 1958 Peng alikwenda kwao Hunan akajionea. Wanavijiji walikuwa wamepelekwa kwenye vitanuri vya kienyeji kuyeyusha chuma, na masufuria ya majumbani yametiwa motoni ili kutimiza lengo la tani, huku mazao yakiozea mashambani kwa kukosa wavunaji. Takwimu za mavuno zilizopelekwa Beijing zilikuwa za uongo, na serikali ilidai nafaka kwa kufuata takwimu hizo hizo. Peng aliandika kwamba kampeni ya chuma ilikuwa na hasara na faida. Aliandika pia kwamba ndani ya chama kumeingia jazba ya kibepari-uchwara inayotaka kuufikia ukomunisti kwa kuruka mara moja.

Kwenye mikutano iliyofuata watu walikaa siku kadhaa wakiyachambua maneno hayo. Kwa nini ameanza na hasara, faida ikaja nyuma? Ndugu huyu anaficha nini?

Waliweza kuyachambua kwa sababu tarehe 16 Julai Mao aliamuru barua ichapwe na kugawiwa kwa wajumbe wote. Akaipa kichwa chake mwenyewe, kwamba huo ni waraka wa maoni wa Ndugu Peng Dehuai. Peng alipogundua, aliomba irudishwe. Alisema aliandika haraka haraka, hakukusudia isomwe na wengine. Haikurudishwa. Kitendo hicho cha kuchapa kiliigeuza barua kuwa ilani, na mwandishi wake akageuka kuwa kiongozi wa upinzani ambao hakuwa ameuunda. Waliomuunga mkono kikaoni, Zhang Wentian, Huang Kecheng na Zhou Xiaozhou, waliwekwa naye kapu moja, likaitwa kundi linalopinga chama. Tarehe 23 Julai Mao alisimama akasema kwamba jeshi lisipomfuata, atarudi vijijini akatafute wakulima aunde jeshi jingine. Baada ya maneno hayo hakuna aliyekuwa anabishania chuma tena. Kila mjumbe alikuwa anachagua upande. Ilipofika Septemba, Lin Biao alikuwa ndiye Waziri wa Ulinzi.

Watu wengi huliona tukio hili kama ugomvi wa wakubwa. Naomba tusilichukulie hivyo. Kabla ya Lushan, Mao mwenyewe alikuwa ameanza kupunguza kasi ya sera yake, na mkutano uliitishwa kwa nia hiyo. Baada ya barua kuchapwa, ajenda ikageuka. Kampeni ya kuwasaka wenye mwelekeo wa kulia, yaani walioshukiwa kuipinga sera ya Mao, ikashuka kutoka mlimani hadi vijijini, zaidi ya watu milioni tatu wakatiwa katika kundi hilo, na kiongozi gani wa wilaya angethubutu tena kuandika kwamba ghala lake ni tupu? Njaa iliendelea hadi 1961. Wanahistoria wanatofautiana kuhusu idadi ya waliokufa, lakini makadirio yao mengi yanakwenda kwenye makumi ya mamilioni. Karatasi chache za Lushan zinahesabika katika sababu za vifo hivyo, kwa maana ya namna zilivyotumiwa, wala si kwa yale yaliyoandikwa ndani yake.

Nakumbuka nyumbani gazeti la chama lilisomwa kwa sauti jioni, na watu wazima walisikiliza kwa makini hata orodha ya waliohudhuria hafla. Nani ametajwa, nani ameachwa, nani ametajwa wa tatu wakati mwezi uliopita alikuwa wa pili. Sisi tulikuwa na chama kimoja, hatukuwa wakomunisti, na sitaki kuyachanganya mambo hayo. Ila kusoma kwa namna ile nakuelewa. Pale ambapo viongozi hawashindani kwa kura za wananchi, ushindani hauishi. Unahamia kwenye maandishi. Tahariri inakuwa kura, mapitio ya kitabu yanakuwa hati ya mashtaka, na msomaji anajifunza kupima mpangilio wa majina.

Wakomunisti walilipata tatizo hili mapema. Machi 1921 Mkutano Mkuu wa Kumi wa chama cha Lenin, nchini Urusi, ulipiga marufuku makundi ndani ya chama. Tangu siku hiyo mtu mwenye hoja tofauti hakuweza kuwakusanya wenzake waziwazi bila kuvunja kanuni. Kilichobaki ni kuandika. Na Lenin mwenyewe ndiye aliyepata somo chungu kuliko wote. Akiwa mgonjwa, kuanzia Desemba 1922 aliwatamkia makatibu wake, nao wakaandika, maneno ya barua aliyokusudia iufikie Mkutano Mkuu. Ilimpima kila kiongozi, na katika nyongeza ya tarehe 4 Januari 1923 ilipendekeza Stalin aondolewe kwenye ukatibu mkuu kwa sababu ni mkorofi mno. Lenin alifariki Januari 1924. Mwezi Mei mwaka huo barua ilisomwa kwa wajumbe wa mkutano faraghani, ujumbe wa mkoa mmoja baada ya mwingine, bila kuchapwa na bila mjadala ukumbini. Stalin akabaki kwenye kiti chake. Mwaka 1925, habari zake zilipotoka nje ya nchi kwa kalamu ya Max Eastman, mwandishi wa Marekani, Trotsky, mpinzani wa Stalin, alishinikizwa na wenzake akaandika kukanusha kwamba kuna wosia uliofichwa, ilhali yeye alikuwa miongoni mwa walioijua vizuri. Raia wa Urusi walikuja kuiona imechapwa rasmi mwaka 1956.

Ziweke barua hizi mbili pamoja. Ya Lenin iliandikwa kwa mamia ya wajumbe ikafungiwa. Ya Peng iliandikwa kwa mtu mmoja ikasambazwa kwa wote. Zote mbili zilimshinda mwandishi wake, na walioshinda ni wale waliokuwa na mamlaka ya kuamua nani asome nini na lini. Kwa hiyo huwa sikubaliani na wanaosema kalamu ina nguvu kuliko upanga katika mambo ya vyama hivi. Nguvu ilikuwa kwenye mtambo wa chapa na kwenye orodha ya wanaopelekewa nakala. Kalamu ya Lenin, mwasisi wa dola nzima, haikutosha.

Rudi China. Mwaka ule ule wa 1959, mwezi Aprili, kabla ya Lushan, Mao alikuwa akilalamika kwamba viongozi hawamwambii ukweli. Alikuwa ametazama mchezo wa kuigiza wenye mhusika Hai Rui, afisa wa enzi ya Ming aliyemwandikia mfalme Jiajing waraka wa kumkosoa mwaka 1566, na ambaye inasimuliwa kwamba alinunua jeneza na kuiaga familia yake kabla ya kuuwasilisha, kwa kujua litakalompata. Alifungwa, akatoka mfalme alipofariki. Mao akataka watu waige moyo wa Hai Rui. Ujumbe ukamfikia Wu Han kupitia kwa Hu Qiaomu, aliyekuwa katibu wa Mao. Wu Han alikuwa mwanahistoria bingwa wa enzi ya Ming na naibu meya wa Beijing. Nani angefaa zaidi? Juni 1959 akachapisha makala kuhusu Hai Rui kumkemea mfalme. Septemba, baada ya Lushan, akachapisha nyingine, na humo akaweka maneno ya kuwashambulia wanaojifanya Hai Rui huku wakipinga chama. Kisha akaandika opera ya Peking kuhusu Hai Rui kuvuliwa cheo, akairekebisha tena na tena, ikaonyeshwa mwanzoni mwa 1961. Mwanahistoria huyu alikuwa anatekeleza agizo.

Miaka minne baadaye agizo hilo likawa kosa lake. Jiang Qing, mke wa Mao, alikwenda Shanghai kutafuta mtu wa kuishambulia opera ile, kwa kuwa Beijing hakuna ambaye angekubali. Zhang Chunqiao, aliyeshika idara ya uenezi ya chama mjini Shanghai, akamtoa Yao Wenyuan, mhakiki wa fasihi aliyekuwa na miaka thelathini na minne. Makala yake iliandikwa kwa siri kwa miezi mingi. Rasimu zilipelekwa kwa Mao kwa njia ya kificho, zikapita mikononi mwake zaidi ya mara moja, bila wenzake wa Kamati ya Siasa kujua. Fikiria hali hiyo: mwenyekiti wa chama tawala, katika nchi yake mwenyewe, anapitisha makala ya gazeti kama magendo.

Ilitoka tarehe 10 Novemba 1965 katika gazeti la Wenhui Bao la Shanghai. Yao alidai kwamba Hai Rui wa jukwaani anaporudisha mashamba kwa wakulima na kufuta hukumu za dhuluma, anawatetea wale ambao mwaka 1961 walitaka kuvunja komuni, yaani mashamba ya pamoja ya wakulima, na kuwasafisha jina maadui. Kama hoja ya historia ilikuwa dhaifu, na wasomi wengi waliona hivyo. Kama ishara ilikuwa wazi kwa anayejua kuisoma. Lakini meya wa Beijing, Peng Zhen, ambaye hana undugu na Peng Dehuai, hakuambiwa nani yuko nyuma yake, akamlinda naibu wake. Magazeti ya Beijing yakakataa kuichapa upya. Mao akaamuru itolewe kama kijitabu. Duka la vitabu la Shanghai likauliza matawi ya nchi nzima yanataka nakala ngapi, Beijing ikanyamaza. Siku kumi na tisa zilipita kabla mji mkuu haujasalimu amri. Gazeti la jeshi na la Beijing yaliichapa tarehe 29 Novemba, na Renmin Ribao, gazeti kuu la chama, siku iliyofuata, tena katika ukurasa wa mijadala ya kitaaluma, ikiwa juhudi ya mwisho ya kuifanya suala la wasomi tu.

Siku hizo kumi na tisa ndizo zinazonivutia kuliko makala yenyewe. Kila aliyesita alikuwa amejiandika jina. Makala ilikuwa mtego: haikuhitaji kuwa sahihi, ilihitaji kukataliwa na watu fulani. Wu Han akaandika makala ya kujikosoa mwishoni mwa Desemba, akikiri makosa ya kitaaluma, akidhani hilo ndilo shtaka. Lakini tarehe 21 Desemba, akiwa Hangzhou, Mao alishataja shtaka la kweli. Kiini ni kuvuliwa cheo, alisema. Jiajing alimvua Hai Rui, sisi mwaka 1959 tulimvua Peng Dehuai, naye Peng Dehuai ni Hai Rui pia.

Peng alikuwa wapi? Baada ya Lushan aliishi pembezoni mwa Beijing akilima mboga. Mwaka 1962 aliandika barua nyingine ndefu ya kujitetea, yapata herufi elfu themanini, ikamzidishia tuhuma kwamba anataka kupindua hukumu. Septemba 1965 Mao alimwita, akamwambia huenda ukweli ulikuwa upande wake, akampa kazi Chengdu. Mwishoni mwa Novemba akaondoka kwenda huko. Yaani wakati anafunga mizigo akiamini amesamehewa, magazeti ya mji anaouacha yalikuwa yanalazimishwa kuchapa makala iliyokusudiwa kumzika.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nitayapita haraka. Peng Zhen aliondolewa, waraka wa 16 Mei 1966 ukafungua Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kuwasaka wapinzani wake ndani ya chama na nje yake. Deng Tuo, mhariri wa zamani wa Renmin Ribao aliyekuwa akiandika safu na Wu Han na Liao Mosha, alijiua siku mbili baadaye. Tarehe 5 Agosti Mao aliandika kwa penseli kwenye nafasi tupu ya gazeti kuukuu maneno yaliyokuja kuwa bango lake la herufi kubwa, la kushambulia makao makuu. Halikutaja jina la mtu. Kila aliyelisoma alijua ni Liu Shaoqi, Rais wa nchi. Kitabu cha Liu kuhusu malezi ya mkomunisti, kilichotokana na mihadhara yake ya mwaka 1939 huko Yan'an, ngome ya chama wakati huo, na kuchapwa tena 1962 kwa mamilioni ya nakala, kilitangazwa mwaka 1967 kuwa sumu. Wanachama waliokikariri kwa miaka walilazimika kukiponda sentensi kwa sentensi. Liu alifia kizuizini Kaifeng, Novemba 1969. Wu Han alikuwa amefia gerezani mwezi mmoja kabla, na mkewe, Yuan Zhen, alitangulia mwezi Machi.

Ninacho kile kitabu chekundu cha nukuu za Mao, toleo la Kiingereza, nilikipata kwa wauza vitabu vya mitumba wa Posta, Dar es Salaam. Kilikuwapo hadi kwa Kiswahili, na watu wazima wengi wa Tanzania na Zanzibar wanakikumbuka. Nakala yangu bado ina dibaji yenye jina la Lin Biao. Nchini China, baada ya Lin kufa katika ajali ya ndege Septemba 1971 akituhumiwa kupanga njama dhidi ya Mao, watu waliuchana ukurasa huo kwa mikono yao, au wakalifuta jina kwa wino. Mtu aliyepewa cheo cha Peng akafutwa kwa njia ile ile ya karatasi.

Peng alitekwa na Walinzi Wekundu, vijana waliojipanga kumtetea Mao, huko Chengdu Desemba 1966, akarudishwa Beijing, akapigwa mbele ya umati. Wahoji walimtaka aandike maisha yake yote, waziwazi, ili wapate makosa humo. Akaandika, na kuandika tena. Alifariki tarehe 29 Novemba 1974, mwili ukachomwa kwa jina la uongo, Wang Chuan. Lakini yale maandishi ya mahojiano yalihifadhiwa, na mwaka 1981 yalichapwa kama kitabu cha maisha yake kwa maneno yake mwenyewe. Kwangu hicho ndicho kitabu chenye uzito kuliko vyote vilivyotoka katika mapambano haya, kwa sababu kiliandikwa kwa ajili ya maadui, na hata hivyo hakikukana barua ya Lushan.

Kilichofanya kichapwe ni makala nyingine ya gazeti. Mao alifariki Septemba 1976, na Februari 1977 tahariri iliyotolewa kwa pamoja na vyombo vikuu ilitangaza kwamba kila uamuzi wa Mao utatetewa na kila agizo lake litafuatwa. Maana yake, hukumu zote zibaki zilivyo, na Hua Guofeng, mrithi wa Mao, abaki kileleni kwa kuwa Mao alimchagua. Kiangazi cha mwaka huo, mwalimu wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nanjing, Hu Fuming, alikuwa akimuuguza mkewe hospitalini. Usiku alitumia mwanga wa taa za ukumbi, akipiga magoti mbele ya viti vya wageni kwa kukosa meza, akiandika muhtasari wa makala inayosema kwamba kipimo cha ukweli ni matendo. Sio nukuu.

Hoja ya Marx kabisa, hakuna wa kuipinga. Lakini iliupiga mzizi wa utawala wa Hua. Rasimu ikapita kwa wahariri wa gazeti la Guangming Ribao na kwa watu wa Hu Yaobang katika Chuo cha Chama, ikaandikwa upya mara nyingi. Tarehe 10 Mei 1978 ilitoka katika jarida la ndani la chuo hicho, na kesho yake, 11 Mei, kwenye Guangming Ribao, kwa saini ya mwandishi maalumu, utaratibu ambao haukulazimu ipitie kwa Wang Dongxing, aliyesimamia uenezi. Siku iliyofuata Renmin Ribao na gazeti la jeshi yakaichapa. Mwezi Juni Deng Xiaoping, mshindani wa Hua, akaisema hadharani kwa kuiunga mkono mbele ya maofisa wa jeshi. Ilipofika Desemba, Peng Dehuai alikuwa amesafishwa jina, na mwaka uliofuata Wu Han akafuatia. Hua aliondoka hatua kwa hatua.

Naiheshimu makala ya Hu Fuming. Ilisema kweli, na iliwatoa watu wengi kwenye aibu na vifungo. Bado siwezi kuacha kuona kwamba ilipita kwenye korido ile ile ya makala ya Yao: rasimu za siri, mlezi mkubwa nyuma ya pazia, gazeti lililochaguliwa ili kumkwepa mtu fulani, kisha wote wakisubiri kuona nani atachapa upya na nani atanyamaza. Mashine ilibaki, mikono ikabadilika.

Na ushahidi ulikuja upesi. Majira ya baridi ya 1978 watu wa kawaida wa Beijing walianza kubandika mabango kwenye ukuta wa Xidan. Mengi yalimsaidia Deng dhidi ya wapinzani wake, yakaachwa. Tarehe 5 Desemba Wei Jingsheng, fundi umeme, akabandika lake akidai demokrasia kama usasa wa tano, juu ya ule wa aina nne uliohubiriwa na serikali: wa kilimo, viwanda, ulinzi na sayansi. Machi 1979 alikamatwa, Oktoba akahukumiwa kifungo cha miaka kumi na tano. Septemba 1980 Bunge la Umma liliondoa kwenye katiba haki ya raia kubandika mabango ya herufi kubwa, haki ambayo Mao aliitumia kumwangusha Rais wa nchi kwa penseli na gazeti kuukuu.